Maji Bado

Mtaa mzima ulimwita Chapchap, na jina halikumdhulumu. Alikuwa kinyozi wa kuvua viatu huku anatembea. Chai aliinywa kabla haijapoa, akaungua, kisha akakilaumu kikombe. Ukimsimulia kisa, yeye anakutangulia hadi mwisho na kukusubiri huko. Ukikaa kitini pake hujasema unataka mtindo gani, kisogo kimeshaondoka. Wateja walimpenda kwa hilo hilo: kwa Chapchap hakuna foleni. Ukitaka kupendeza, nenda kwingine. Ukitaka kuwahi, karibu.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejikuta anasubiri. Tena hakuwa anasubiri mvua wala mshahara, vitu ambavyo hata mwenye haraka amezoea kuvisubiri. Alikuwa amesimama mbele ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, mchanga na mawe, bila hata samaki mmoja, anasubiri maji yaive. Maji yakiiva, apate mke.

Tangi lilikuwa la daktari wa meno aliyepanga ghorofa ya juu. Alipohama aliliacha kwenye ngazi, na Chapchap akalishusha mpaka saluni kwake kabla vumbi la gari la mizigo halijatulia. Mchana huo huo alikoroga chumvi kwenye maji ya bomba, akamimina, akakimbia duka la samaki wa mapambo, akarudi na wanne wenye rangi za kupendeza. Jioni walikuwa wanaogelea. Asubuhi walikuwa wanaelea, na kuna tofauti.

Alikuwa anawaopoa kwa chujio la chai pale mlango ulipofunguliwa, akaingia mtu ambaye Chapchap hakutaka kabisa aone msiba ule. Alikuwa mpimaji wa maabara katika zahanati ya ng'ambo ya barabara, na kwa sababu hiyo watu walimwita Dada Maabara. Alikuwa na nywele fupi, kila baada ya muda anakuja kuzipunguza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hata salamu yake ungedhani imepimwa kwa bomba la sindano.

"Umewaua," alisema.

"Wamekufa wenyewe. Mimi nilikuwa nyumbani."

"Maji yalikuwa mabichi."

Chapchap akaweka chujio chini. "Tuyaache ya samaki. Kuna jambo nilikuuliza, mpaka leo hujanijibu."

"Uliniuliza siku ya kwanza nilipokuja kunyoa. Nimefungwa kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa nusu."

"Moyo haungoji nusu ya pili."

"Ndiyo maana samaki wako wamekufa."

Chapchap akaliokota tena chujio. Alijua anachoambiwa. Uchumba wake wa kwanza ulivunjika kwa sababu alitangaza harusi kabla hajamwambia bibi harusi. Wa pili alipeleka posa nyumba ya jirani, hakungoja kuelekezwa vizuri mlango. Mtaa ulicheka hadi ukachoka. Lakini huyu wa tatu alikuwa anamnyima usingizi kweli, na kicheko cha mtaa hakikumfurahisha tena.

Dada Maabara alilizunguka tangi, akapiga kioo kwa kucha, akakuna kidevu. Kisha akatoa sharti. "Mwaga hayo. Tuanze upya, nitakuwa nakuja kupima. Usitie mnyama yeyote humu mpaka mimi niseme maji tayari. Ukiweza hilo, nitakujibu."

"Na nikishindwa?"

"Nitakuwa nimeshakujibu."

Walikwenda pamoja kuchagua mawe, yale yatokayo baharini yakiwa bado mabichi, yana matundu na ukoga wa zambarau. Chapchap alitaka kubeba la kwanza lililogusa mkono. Dada Maabara aliyapindua yote, akalinusa kila moja, akachagua jiwe moja kubwa lenye mashimo kama mkate wa unga mzuri, akalipakata ndani ya ndoo mpaka saluni kama mtoto aliyelala.

Kisha akaeleza kazi yenyewe. Samaki anakojoa humo humo anamokula, chakula kinabaki, kinaoza, kinatoa sumu iitwayo amonia. Baharini sumu hiyo haina neno, ila ndani ya kioo inaua. Lakini vipo vijidudu vyema visivyoonekana ambavyo huila amonia na kuigeuza sumu nyingine, na vingine huila hiyo ya pili na kuigeuza kitu kisicho na madhara makubwa. Vijidudu hivyo havinunuliki kwa haraka. Vinazaliana polepole kwenye mawe na mchanga. Na ili vizaliane, vinahitaji kula. "Kwa hiyo," alimalizia, "tafuta kitu kioze humu."

Kitu cha kuoza kilitoka kwa jirani, muuza samaki aliyeitwa Magamba, mtu mwenye tumbo la mbele na utani wa pande zote.

"Mimi nauza kamba ili watu wale," Magamba alisema huku akichagua kamba mmoja aliyelegea. "Wewe unamtaka aoze. Haya, chukua huyu. Tangu asubuhi ananiaibisha mbele ya wenzake."

Wakamfunga marehemu katika kipande cha soksi nyembamba, wakamzamisha. Na hapo mateso yakaanza.

Kwanza ilikuwa harufu. Wateja walitazamana viatu. Chapchap aliwasha feni, akafungua mlango, akamsingizia Magamba, naye Magamba akasema hajawahi kuonewa namna hiyo tangu azaliwe. Halafu ikaja rangi: maji yakawa na wingu kama ya kuoshea mchele. Wingu likaondoka, mchanga ukaota utando wa kahawia. Chapchap akinyoa kichwa kimoja, mara nne anaacha mashine kitini na kwenda kuchungulia. Aliweka kifuniko juu ya tangi ili nywele zisianguke. Akaongeza kitambaa juu ya kifuniko ili manukato ya baada ya kunyoa yasifike. Akapigia pampu ya mawimbi magoti, akaisikiliza kama inahema. Kila kipimajoto kilipopanda kidogo, naye alipanda.

Na kila wiki Dada Maabara alikuja na kisanduku chake cha chupa ndogo. Anachota maji kwenye mrija wa kioo, anadondosha dawa matone kadhaa, anatikisa, anauweka mbele ya karatasi nyeupe. Maji yenye amonia yanageuka kijani. Yasiyo nayo yanabaki manjano.

"Enhe?" Chapchap anauliza mrija haujatikiswa.

"Maji bado."

"Lakini kijani hicho ni kama manjano kidogo. Ukikaa huku, ukifumba hili jicho..."

"Maji bado."

Siku ile ya kwanza ya kupima, Dada Maabara alipofunua kifuniko, aliona kitu juu ya mchanga. Akakitoa kwa koleo. Kilikuwa chepesi, chenye kupenyeza mwanga, kimepinda nchani.

"Kucha!" alifoka. "Umemkata mtu kucha juu ya maji! Nimekwambia nini mimi? Nimekwambia nini?"

"Mimi nanyoa vichwa, sikati kucha."

"Basi ni plastiki za viwembe vyako. Ukichafua tena, tafuta mpimaji mwingine."

Alipoondoka, Chapchap alikichukua kile kitu kidogo na kukibandika kwa gundi ya karatasi kwenye kona ya kioo cha kunyolea. Magamba alimwuliza kama amepatwa na wazimu.

"Amenigombeza," Chapchap alisema, anang'aa uso. "Mtu hakugombezi kama hajakuhesabu. Hii ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya kucha. Ndugu yangu, mapenzi yamekukalia pabaya."

Aliyeteseka zaidi ya Chapchap alikuwa shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kama mnajiuliza haraka ile aliirithi wapi, msihangaike. Shangazi alikuwa ameshashona nguo ya kupelekea posa, na nguo ilikuwa inamwangalia kabatini.

"Mwanangu, mchumba gani huyu anakuozesha kamba?" alilalamika. "Mimi mume wangu alinitazama asubuhi, mchana nikawa wake."

"Na jioni mkagombana, shangazi."

"Tukagombana tukiwa tumeoana!"

Alikutana na Dada Maabara mara moja mlangoni. Binti aliinama kidogo, akampokea mkoba kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, mama." Adabu kamili. Lakini Shangazi alirudi ndani amenuna.

"Ameniita mama."

"Si heshima hiyo?"

"Mama ni wa barabarani, kila mwanamke ni mama. Shangazi ni wa mtu. Siku akiniita shangazi, nitajua naingia jikoni kwake bila kubisha."

Halafu ukaja ule mlio.

Chapchap alikuwa amemshika mteja sikio, anamnyoa upande, pakasikika: *tak!* Kama kioo kinachopasuka. Aliruka. Mteja naye aliruka, akiwa na ndevu nusu uso. *Tak!* Mteja hakungoja tafsiri. Alitoka na kitambaa shingoni, na mpaka leo kitambaa hakijarudi.

Chapchap alipiga magoti mbele ya tangi. Akapitisha karatasi laini kwenye kila kiungo, ikatoka kavu. Akaweka sikio. Kimya. Akasimama, *tak!* Siku hiyo hakunyoa tena. Kesho yake mlio ukaja, ukakaa, ukaja tena wakati amesahau, na akili yake yote ikahamia masikioni. Akapanga ndoo kuzunguka meza. Akaiondoa redio iliyokuwa chini ya meza. Chakula alikila wima, mgongo kwa ukuta, macho kwa kioo, kama mtu anayemlinda mwizi aliyeshaingia.

Na hilo ndilo alilomficha Dada Maabara. Alijua akimwambia, atasema kioo kina ufa, mwaga yote, tafuta tangi lingine, tuanze upya. Kuanza upya! Afadhali ang'olewe jino na yule daktari aliyehama. Kila siku ya kupima alikuwa akimwomba Mungu mlio usije, na Mungu, au yeyote aliyekuwa mle ndani, alimsitiri.

Kisha Magamba, kwa wema wake wenye magamba, akaja amening'iniza mfuko wa plastiki wenye maji. Ndani yake alikuwemo samaki mdogo wa mistari, mzima kabisa, amenaswa kwa bahati kati ya wale wa kuuza.

"Zawadi," Magamba alisema. "Mtie tu. Nani atajua? Mwambie ulimkuta."

Chapchap alimtazama yule samaki. Samaki naye alimtazama, anafumbua na kufumba kinywa kama anayesema *haya, haya, haya.* Maji tangini yalikuwa meupe kama hewa. Katika kipimo cha mwisho amonia ilikuwa karibu imekwisha. Mkono wa Chapchap ulishafika kwenye kifuniko, haukumwomba ruhusa. Kidole kimoja kikainua. Jasho likamtoka pale kisogoni, pale pale anaponyolea wenzake.

Akakishusha kifuniko.

"Mrudishe," alisema.

"Nimrudishe wapi? Baharini kwa miguu?"

"Mpeleke duka la samaki wa mapambo, wana maji yaliyoiva. Nenda, Magamba, kabla mkono huu haujanisaliti. Nenda nakuomba!"

Magamba alikwenda, na njia nzima akawasimulia watu kwamba amempelekea Chapchap samaki. Sehemu ya kukataliwa aliisimulia kwa sauti ndogo, haikuwa na utamu.

Ndipo ikafika siku ambayo mrija wa amonia uligeuka manjano, na mrija wa sumu ya pili, ambao hugeuka zambarau ikiwepo, ulibaki buluu ya anga. Dada Maabara aliutazama, akautazama tena dirishani penye mwanga. Magamba alikuwa kwenye kiti cha kungojea, eti ananyoa, na kichwa chake kina upara. Shangazi alikuwa pembeni yake, amevaa ile nguo. Alisema alikuwa anapita tu.

Dada Maabara akavuta pumzi. "Basi," alisema. "Maji yako—"

*Tak!*

Shangazi alijikuta nyuma ya kiti cha kunyolea, hakumbuki safari. Magamba akasema, "Kioo hicho!" Chapchap hakusogea. Alifumba macho tu, kama mtu aliyeona kofi linakuja toka mbali.

Dada Maabara hakukimbia. Aliwasha taa ya simu, akaielekeza kwenye mashimo ya lile jiwe kubwa, akatulia. Ndani ya shimo moja zilicheza ndevu mbili nyekundu. Kisha likatoka gando, moja kubwa kuliko mwenyewe, likafunguka, likajifunga: *tak!*

"Kamba," alisema taratibu. "Kamba mzima. Ndiye anayepiga." Akageuka. "Umetia mnyama."

"Sikutia."

"Mtaa mzima unasema Magamba alikuletea."

"Alileta samaki, si kamba, na nilimkataa! Magamba, sema!"

"Alimkataa, haki ya Mungu," Magamba alisema, mkono kifuani.

Tatizo ni kwamba Magamba akiapa mvua inanyesha, watu wanaanika nguo. Dada Maabara hakumtazama hata.

"Mlio huu ni wa leo?" alimwuliza Chapchap.

Angeweza kusema ndiyo. Ulimi wake ulikuwa na mbio za kutosha. "Si wa leo," alisema. "Umekuwepo muda. Nilidhani kioo kinapasuka. Sikukwambia kwa sababu ungesema tumwage, tuanze upya."

"Kwa hiyo ulinificha."

"Mlio nimeficha. Mnyama sijatia."

Dada Maabara alianza kurudisha chupa kisandukuni, moja moja, bila ghadhabu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ghadhabu. Shangazi aliomboleza nyuma ya kiti. Alipofunga kisanduku, akaelekea mlangoni, kila mtu alimngojea Chapchap amkimbilie, amshike mkono, amwage maneno kumi kwa wakati mmoja kama kawaida yake.

Chapchap alisema, "Subiri."

Neno hilo, kutoka kinywa hicho! Dada Maabara alisimama kwa mshangao tu.

Chapchap alikuwa anatazama gando lile likijifunga na kufunguka. Kisha akatazama kona ya kioo cha kunyolea. Akaenda, akabandua kile kipande chepesi kilichopinda, akakiweka kwenye kiganja chake na kukisogeza karibu na tangi. Mpindo ule ule. Meno yale yale madogo ukingoni.

"Hii kucha," alisema, "uliitoa wewe mwenyewe humu, siku ile ya kwanza ya kupima. Ukanigombeza."

Dada Maabara alirudi. Alikichukua, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kutazama vitu vidogo siku nzima, na sasa alikitazama hiki kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Si kucha," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Ni ganda la gando. Kamba hujivua wakikua."

"Siku hiyo Magamba alikuwa hajaleta kitu chochote. Humu mlikuwa na mchanga, maji, yule marehemu wa kwenye soksi, na jiwe."

Macho yote yakahamia kwenye jiwe, kisha kwa Dada Maabara. Wote walikuwa kama wanamwona jinsi alivyolipakata.

Magamba ndiye aliyeshindwa. "Yaani mvunja sharti ni hakimu mwenyewe! Ameleta mnyama siku ya kwanza, tena kwa ndoo, tena kwa mbeleko!"

Dada Maabara alijifunika uso kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika, na Chapchap akaogopa kwamba analia, mpaka mkono ulipoondoka akaona meno. Hakuwahi kumwona akicheka hivyo. Hakikuwa kicheko cha kupimwa, kilimwagika.

"Niliyanusa yote," alisema akifuta macho. "Nikachagua hilo."

"Ulichagua vizuri. Lina mtu."

"Ulikaa na mlio huo peke yako, wiki zote hizo?"

"Nimekonda. Hukuona?"

Akamtazama kwa mara ya kwanza kama anayesoma mrija ambao rangi yake haimo kwenye kadi ya vipimo. Kisha akakamata mkoba, ghafla, amechangamka. "Twende. Duka la samaki halijafungwa. Twende tukachukue wawili, leo leo, hata sasa hivi."

Shangazi akachomoka nyuma ya kiti, viatu vimeshavaliwa. Magamba akasimama. Aliyebaki ni Chapchap. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na magoti yake yalikuwa yanacheza kama kawaida, na mikono ilikuwa inasuguana, mwili mzima unataka mlango. Lakini hakuinuka.

"Maji bado," alisema.

"Nini?"

"Wewe ndiye uliyesema. Sumu zikiisha, kinabaki kile kitu cha tatu kisicho na madhara makubwa, kimejaa. Lazima tubadilishe nusu ya maji kwanza, ndipo samaki aingie. Chumvi sijakoroga. Na ikikorogwa, inalala mpaka kesho."

"Mungu wangu!" Shangazi alipiga mikono. "Nilikuwa na mmoja wa kunichelewesha, sasa wako wawili!"

Dada Maabara aliweka mkoba juu ya kiti cha kunyolea. Akavua saa, akakunja mikono ya koti lake jeupe, akainua ndoo moja kati ya zile zilizokuwa zikilinda ufa usiokuwepo. Mpira wa kunyonyea maji alimtupia Chapchap. Halafu, bila kugeuza kichwa, kama mtu anayeomba chumvi mezani, akanyoosha ndoo upande wa pili.

"Shangazi," alisema, "nishikie hapa."

Shangazi alikuwa na midomo wazi, ana lawama nyingine iko tayari kutoka. Ikafia hapo hapo. Akamtazama mpwa wake. Mpwa wake alikuwa ameshika mpira, maji ya chumvi yanamwagikia viatu, na hakuwa na habari nayo.

"Na nguo hii mpya?" Magamba alimchokoza. "Si italowa?"

"Ilowe," Shangazi alisema, akaidaka ndoo kwa mikono miwili. "Kwani niliishonea nini?"

Jiweni, mpangaji wa siku nyingi akapiga: *tak!* Hakuna aliyeruka.